Paa Jekundu: Simu Iliyopokelewa na Shemeji

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalimaliza, usihangaike. Tulimwacha Sindano, fundi wa kushona viti vya pikipiki na magari, amesimama katikati ya karakana yake na simu sikioni. Alikuwa amempigia mumewe mchana kweupe. Simu ikapokelewa.

Wanawake wengine huingiwa na wivu simu ya mume ikiwa imezimwa. Sindano ni kinyume chao. Mumewe, ambaye mji mzima unamwita Fulutanki, ni mhudumu wa pampu katika kituo cha mafuta cha Paa Jekundu, na pale mtu huzima simu anapoingia kazini, akaiwasha anapotoka. Ndiyo sheria ya kituo, mtu asije akalipua mtaa. Tangu waoane Sindano hajawahi kumpata mumewe hewani mchana, na kwa sababu hiyo alikuwa akilala usingizi wake wote.

Leo simu imeita, tena imepokelewa. Na aliyeipokea ni mwanamke.

"Halo. Fulutanki ana mikono michafu, hawezi kushika simu. Atakupigia."

Sauti ile Sindano aliijua kabla hata maneno hayajamwingia. Aliwahi kuibeba mgongoni ilipokuwa bado inalilia maziwa. Ilikuwa sauti ya mdogo wake wa tumbo moja, ambaye hawajasemezana tangu mwaka jana.

"Wewe," Sindano alisema. "Unafanya nini na simu ya mume wangu?"

Yule mdogo akasema kwa upole, "Dada, njoo tu," akakata.

Wiki iliyopita nilikuacha hapo hapo, na najua ulininung'unikia. Haya, twende.

Sindano hakulia. Si mtu wa kulia huyu. Aliacha sindano imechoma kiti cha watu, akachukua mkoba, akatoka na mlango wazi nyuma yake. Jirani muuza rangi alimuuliza kama kuna msiba.

"Bado," Sindano alijibu.

Lakini kabla hajafika anakokwenda, lazima nikwambie kidogo kuhusu huyu mdogo mtu, maana wivu wa Sindano haukuanza na simu. Wivu si wa mapenzi peke yake, jamani, tusidanganyane.

Zamani kidogo huyu mdogo alikuwa akiuza mafuta ya taa kwa chupa, pembeni ya Paa Jekundu, na ndala zake mbili za rangi tofauti. Mwaka jana alimjia dada yake na habari za pikipiki za umeme. Tuingie pamoja, dada, alimwambia. Betri ikiisha mtu anakuja, anaacha tupu, anachukua iliyojaa, anakwenda zake.

Sindano alicheka hadi akashika ukuta. "Nani atapanda pikipiki isiyonguruma? Watu watadhani imekufa."

Wakagombana, wakatengana. Halafu bei ya mafuta ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapumzika kidogo kama inatafuta pumzi, ikapanda tena. Madereva wa pikipiki wakahamia umeme mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Mdogo mtu akapanga jengo la sinema iliyokufa, akalijaza betri, akaitwa Mama Betri. Mahali ambapo abiria walizoea kusema "nishushe Sinema," sasa wanasema "nishushe kwa Mama Betri."

Hilo ndilo lililomchoma Sindano kuliko yote. Mtoto aliyemfunga nepi kwa mikono yake mwenyewe, leo ni kituo cha basi.

Kwa hiyo usishangae kwamba alivuka barabara kwa hasira hadi gari la takataka likasimama kumpisha.

Kwanza alikwenda Paa Jekundu, alitaka uhakika. Kituo chenyewe unakijua hata kama hujawahi kukiona, kwa sababu upande ule wa mji hakuna mtu anayeelekeza mgeni bila kukitaja. Ukifika Paa Jekundu kata kushoto. Ukilipita Paa Jekundu umepotea. Chini ya paa hilo palikuwa peupe. Mhudumu mmoja aitwaye Kofia alikuwa juu ya ngazi anabandika bei mpya kwenye bango, na gari moja tu lilikuwa likimsubiri, dereva wake ameinua macho kwenye bango kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Mume wangu yuko wapi?" Sindano aliuliza.

Kofia hakugeuka. "Yuko nyuma, anapima tangi."

"Na simu mfukoni?"

"Shemeji, simu na tangi wapi na wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Simu yake inaita."

Kofia alishuka ngazi polepole akitazama viatu vyake. Wahudumu wa pampu wana mtindo wao. Mmoja akiwa na dharura, wenzake humfichia, na jibu ni hilo hilo moja: anapima tangi. Limetumika kwa misiba, kwa watoto wenye homa, hata kwa posa. Bosi mwenyewe hajawahi kwenda nyuma kuhakikisha, maana hapendi kuchafua viatu.

"Nakuomba urudi nyumbani," Kofia alinong'ona. "Yote utayajua. Ila leo usiulize."

Mwambie mwanamke mwenye wivu "leo usiulize," halafu ukae pembeni uone. Sindano alipandisha sauti.

"Kwa nini leo? Leo kuna nini?"

Mlango wa ofisi ya vioo ukafunguka. Bosi, mwenye kituo, akatoka na suruali yake iliyopigwa pasi. Siku hizi kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kioo na kuhesabu pikipiki za umeme zinavyompita bila kusimama. Zilikuwa wateja wake zile. Kila moja ikipita, alikunja uso.

"Fulutanki yuko wapi?" Bosi aliuliza.

"Anapima tangi, Bosi," alisema Kofia.

"Hapimi tangi," alisema Sindano. "Yuko kwa Mama Betri. Tena si leo tu, maana amezoea hadi simu yake inapokelewa na mwenye nyumba."

Kofia alishusha kofia yake ikafika kwenye pua.

Bosi hakukasirika, na hilo lilipaswa kumshtua Sindano. Alilirudia tu lile jina taratibu, Mama Betri, kama mtu aliyeng'atwa na anatafuta kidonda kilipo. Kisha akatabasamu.

"Mama, umenisaidia kuliko unavyojua."

Sindano akajisikia nafuu. Mwenye wivu akishamwambia mtu, mzigo humshuka kidogo. Hakuuliza amemsaidia nini, akatoka zake.

Kituo cha pikipiki pale ng'ambo hakikuwa na hata moja ya petroli. Alikuwa ameapa hatapanda za umeme hadi anaingia kaburini, lakini hasira ina haraka yake.

"Wapi, mama?" aliuliza dereva.

Jina lilimkwama. "Sinema."

"Sinema ipi?"

"Ile ya zamani."

"Ah, kwa Mama Betri. Ungesema tu."

Sindano alipanda akakaa. Akasubiri. "Washa basi."

"Imewaka, mama. Shikilia."

Wakaondoka bila kelele, na katika ule utulivu mkono wake ukagusa pembeni ya kiti. Vidole vikasimama. Mshono ulikuwa umepita mara mbili na pembe imekunjwa kwa ndani. Hakuna fundi mwingine mjini anayekunja pembe kwa ndani, kwa sababu kunachosha na mteja haoni.

"Hiki kiti umekitoa wapi?"

"Tunapewa na pikipiki. Vyote analeta Mama Betri. Ana fundi wake hodari sana."

Msomaji, hebu kaa kwenye kiti hicho na Sindano dakika moja. Kwa miezi yote hii alikuwa akishona viti vya mteja asiyemwona. Maagizo yaliletwa na Fulutanki. Kuna mtu ana haraka, alimwambia, wewe shona tu, na malipo yakawa yanakuja bila kukawia. Ndiyo yaliyowasomesha watoto wakati kituo cha mafuta kimedorora. Kumbe alikuwa akila mkononi mwa mdogo wake, na mumewe ndiye mbeba sahani.

Alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

Ndani ya sinema sakafu bado ilikuwa na mteremko wa zamani, viti vimeng'olewa. Ukuta uliokuwa na pazia la picha ulijaa rafu za betri, kila moja na taa yake ya kijani. Madereva waliingia wakiacha tupu na kutoka na zilizojaa. Na kwenye meza ya katikati alikuwepo Fulutanki, mikono imekolea weusi, ameinamia betri iliyofunguliwa. Mama Betri alimmulikia tochi. Vichwa vyao vilikaribia kugusana. Walikuwa wakicheka.

Kile kicheko ndicho kilichomuua. Nyumbani Fulutanki alikuwa hajacheka siku nyingi. Alikula, akaoga, akalala ameelekea ukutani. Hata ile harufu ya petroli iliyokuwa ikimtangulia mlangoni ilikuwa imepotea, na Sindano alikuwa amejidanganya kwamba ni sabuni mpya.

"Endeleeni," alisema. "Msiache kwa ajili yangu."

Fulutanki alinyanyuka ghafla. "Mama watoto."

"Usiniite hivyo mbele ya huyu."

"Dada, karibu ukae," alisema Mama Betri, na kuzima tochi.

"Nikae wapi? Pangu umeshakaa wewe."

"Dada, si hivyo."

"Nyamaza, sijakuuliza. Namuuliza huyu." Akamgeukia mumewe. "Nimekukosea nini hadi unizunguke kwa mdogo wangu? Ungechukua mwanamke wa mbali nisiyemjua, ningelia yakaisha. Umemchukua huyu. Huyu ambaye kila ninapopita nasikia jina lake. Mnanishonesha viti mchana kutwa, halafu jioni mnakaa mnanicheka."

"Hakuna anayekucheka," alisema Fulutanki. "Na hakuna aliyemchukua mtu. Huyu ni shemeji yangu, mke wangu. Umenijua lini kuwa mtu wa namna hiyo?"

"Tangu simu yako ilipoanza kuita mchana."

Mama Betri akamwambia, "Shemeji, mwambie."

"Tulikubaliana jioni."

"Jioni atakuwa ametuzika wote wawili. Mwambie sasa."

Fulutanki alivuta pumzi, akajifuta mikono kwenye kitambaa, na haikutakata.

"Paa Jekundu linauzwa," alisema. "Kuna mnunuzi anataka kulibomoa ajenge maduka ya ghorofa. Mafuta hayanunuliki tena, Bosi amechoka. Ila lile paa alilijenga mwenyewe, roho inamuuma likianguka. Akaniita faragha. Fulutanki, akasema, wewe ndiye mwaminifu wangu wa tangu mwanzo. Ukinionyesha namna ya kulifanya paa lijilishe, silibomoi, nakuachia wewe uliendeshe."

Sindano alihamisha mkoba bega la pili.

"Mimi najua petroli tu. Nikaja kwa shemeji kujifunza. Paneli za sola zitafunika paa lote, betri zitakaa chini pale zilipo pampu, na shemeji ndiye ataleta betri. Na pale pembeni, kwenye chumba cha oili, ni karakana ya viti. Nimeshaipima. Ni yako. Ina dirisha la barabarani, maana najua unavyopenda kuona anayepita."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza mara mbili. Kila nikitaja jina lake unatoka chumbani."

Ilikuwa kweli. Sindano alitazama sakafu.

"Viti nilimwomba mimi anyamaze," alisema Mama Betri. "Ungejua ni vyangu ungevirudisha, na sikutaka fundi mwingine. Na simu niliipokea makusudi, dada. Nimechoka kuwa mwizi ambaye hajaiba. Nilisema leo uje, uone kwa macho yako, tupatane, maana leo ndiyo siku yenyewe."

"Siku ya nini?" Sindano aliuliza.

"Jioni nakwenda kupeana mkono na Bosi," alisema Fulutanki. "Tatizo ni moja tu. Bosi hataki hata kumsikia shemeji. Anamwona ndiye aliyemwibia wateja. Anajua najifunza mahali, hajui ni wapi. Akijua baada ya kupeana mkono, atanuna, atazoea. Akijua kabla, tumekwisha. Ndiyo maana tumefanya siri. Anajua Kofia, tunajua sisi. Na sasa wewe."

Na sasa wewe. Sindano aliyasikia maneno hayo, akalikumbuka tabasamu la Bosi. Wivu ulikuwa umemleta mbio hadi pale, na sasa ukamwacha peke yake kama mwenzi asiye na haya. Mahali pake palikuwa na aibu, aibu nzito, ya kutaka ardhi ipasuke.

Angeweza kusema. Hapo hapo, kabla jua halijasogea. Labda Fulutanki angewahi kukimbia kituoni, akapiga magoti, akaomba. Nakwambia angeweza. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake, shingo imenyooka, taa zote zile za kijani nyuma yake, na Sindano hakuweza kukiri kosa mbele ya shingo ile.

"Umetoka moja kwa moja nyumbani?" aliuliza Mama Betri, macho yamemkazia. "Hukupitia mahali?"

"Nimetoka karakana."

Si uongo. Na si ukweli wenyewe.

Simu ya Fulutanki ikaita juu ya meza. Wote watatu wakaiangalia. Fulutanki alinyanyua mikono yake myeusi, akamwashiria shemeji yake, naye akabonyeza kitufe na kuweka spika.

"Fulutanki," ilisema sauti ya Bosi, tulivu kabisa. "Tangi lina mafuta kiasi gani?"

Fulutanki aliinamia simu. "Lipo nusu, Bosi."

"Hapo sinema?"

Dereva mmoja aliyekuwa anabeba betri alisimama, akaona nyuso zao, akaondoka kwa ncha za vidole.

"Bosi, naomba nieleze."

"Hapana, usinieleze, nilishaelezwa. Mkeo yuko hapo?"

"Yupo."

"Asogee asikie. Mama, nilisema umenisaidia, na mimi sisahau fadhila. Katika watu wote wanaokula kwangu, leo wewe peke yako ndiye umeniambia ukweli. Wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa wote, hadi huyu niliyemwita mwanangu."

Fulutanki aligeuza shingo polepole, akamtazama mkewe.

"Paa silibomoi," Bosi aliendelea. "Nitaweka sola yangu mwenyewe, na betri zangu mwenyewe. Huyo mwanamke amenitazama nikikauka mwaka mzima, sasa zamu yake. Natafuta wa kuliendesha. Madereva wote wa pikipiki wanakujua, wanakalia kazi ya mikono yako. Nataka uwe wewe. Paa Jekundu ni lako, mama, ulisimamie lote. Masharti ni mawili. Mumeo hakanyagi tena pale, na betri ya mdogo wako haipiti getini kwangu. Ukikataa, nampigia mnunuzi na kesho tingatinga linaanza kazi. Nijibu sasa hivi, sina mwingine wa kumsubiri."

"Ulimpitia Bosi," alisema Fulutanki. Hakuuliza. "Umenichongea, mke wangu."

Sindano alitaka kumjibu, alitaka kumwambia alidhani, alisikia, hakujua. Lakini jicho lake lilikuwa limeshakwenda kwa mdogo wake.

Mama Betri alikuwa ameduwaa, mkono bado uko juu ya simu. Uso ule ulikuwa umebadilika. Midomo imebana, macho yamesinyaa, shingo imeshuka. Sindano aliutambua mara moja, kwa kuwa ni uso aliouvaa yeye mwenyewe mwaka mzima, kila basi liliposimama pale na konda kutaja lile jina.

Mdogo wake alikuwa anamwonea wivu.

Alipaswa kuona aibu, na aliiona, nisimsingizie. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Lakini chini ya aibu kulikuwa na utamu ambao hajauonja siku nyingi, na utamu huo ulikuwa ukipanda.

"Mama?" ilisema simu. "Unanisikia?"

Fulutanki alitikisa kichwa taratibu, mara moja, akimwomba.

"Nakusikia, Bosi," alisema Sindano. "Nakuja."